Mkondo wa Kimya

Faki Shaame kaniletea amplifaya yake mara ya tatu,
kaikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa,
kutoka Limbani hadi dukani kwangu, Wete, kwa miguu.
"Bi Rukia, taa zimekufa tena.
Harusini. Saa nane za usiku. Kama juzi, kama mwaka jana."

Wengine husema valvu. Baba alisema taa,
nami nasema taa: si zinawaka?

Nikaichomoa moja, nikaiinua penye mwanga wa mlango.
Utosini, palipokuwa na rangi ya fedha,
pameingia weupe wa maziwa.
Hewa imepita. Hiyo haina dawa, ni maiti ya kioo.
Ya pili nikaigonga kwa kitako cha penseli,
spika ikaitika ngiii, kama sufuria iliyoanguka jikoni kwa watu.
"Hizi umezitoa wapi?"
"Moja ya Kirusi, nimeletewa kutoka Mombasa.
Nyingine nimebadilishana na feni."
Basi ndoa gani hiyo, Faki,
mmoja analima, mwenziwe kalala?

Jozi nilikuwa nayo,
ndani ya kopo la maziwa ya unga, imeviringwa gazeti.
Baba alizipima mwenyewe, akaandika kwa wino wa zambarau
thelathini na nne, thelathini na nne,
akaniambia usimuuzie mwenye pupa.

Na huyu ana pupa. "Zipe moto," anasema,
"zikiwa baridi gitaa linakohoa,
nyuzi zinatoka kavu kama muhogo wa jana."
Kweli. Taa hizi hupokezana sauti,
hii inashusha, ile inapandisha,
na ukizinyima mkondo, pale pa kupokezana
hubaki shimo, na sikio hujikwaa.
Lakini ukizikirimu mno
sahani ya ndani huiva nyekundu kama shavu la aliyetukanwa.

Watu hudhani taa hufa kwa kelele.
Hufa kwa kile inachokunywa ikiwa kimya:
gitaa limelazwa kitini, mpigaji anakula pilau,
yenyewe bado inakunywa, kidogo kidogo,
na kidogo hicho ndicho fundi hukipima.

Saa nane za usiku.
Nikalirudia neno hilo hadi nikaacha kula.
Jioni, mji mzima umewasha friji na pasi,
ukutani kwangu mita inasoma volti mia na tisini na kitu.
Mji ukilala, umeme haulali: hupanda.
Mimi nilikuwa nampimia adhuhuri
moto ambao angeukuta usiku wa manane.

"Rudi saa tisa," nikamwambia, "saa tisa za usiku."
Akanitazama. Nikamwambia mlango utakuwa wazi
na mama mkwe wangu atakuwa kitini.

Akawa kitini kweli, na tasbihi, na blanketi.
Mita ukutani: mia mbili na hamsini na moja.
Mkono wa kushoto nimeuficha ndani ya kanga
(volti mia nne hupenda njia ya moyo),
wa kulia na bisibisi.
Arobaini na tatu. Nikageuza robo.
Thelathini na nane. Nusu ya robo.
Thelathini na tano, ikayumba, ikatulia.
"Ongeza mbili tu," Faki akanong'ona.
Sikuongeza.
"Moja?"
Nikageuza kwa kucha. Baba anisamehe.

Tukakaa. Taa mbili, rangi ya chungwa bivu,
gitaa halijaguswa.
Mama mkwe akafumbua jicho:
"Mbona hailii?"
"Imepumzika."
"Imepumzika na imewaka vile?"
"Ndivyo ilivyo, mama."
Akajivutia blanketi.
"Basi kama mimi," akasema,
na tasbihi ikaanza tena kutembea.